Wageni Wasimame

Katika usharika wetu wa Kilutheri wa Gikondo, mjini Kigali, matangazo yalikuwa marefu kuliko mahubiri, na watu waliyapenda zaidi. Mwinjilisti alihubiri mbio mbio kwa kuwa alijua anayemfuata ni katibu, na katibu hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kule Karagwe, mrefu, mkavu, mwenye koti la suti ambalo halijawahi kukutana na suruali yake. Alisimama, akakohoa, akasubiri mpaka watoto wachanga nao wanyamaze, kisha akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Jumanne, mazoezi ya kwaya. Jumatano, sala za nyumba kwa nyumba. Alhamisi, Umoja wa Wanawake. Ijumaa, kikao cha wazee wa kanisa. Jumamosi, usafi na kupaka chokaa. Jumapili, ibada, "na wote mnakumbushwa kuja," kana kwamba wale aliokuwa akiwaambia walikuwa bado wako majumbani.

Huo ulikuwa mwisho wa mwaka 1994. Maji hayakutoka bombani, umeme uliwaka ukipenda, na kuta za mji mzima zilikuwa zimetobolewa risasi. Serikali yenyewe ilikuwa haina viti vya kukalia. Lakini sisi tulikuwa na kamati ya maua. Tulikuwa kundi dogo la Wanyarwanda tuliozaliwa au kukulia Tanzania, tuliovuka mpaka miezi michache tu nyuma tukiwa na magodoro, mbuzi na vitabu vya nyimbo za Kiswahili, na jambo la kwanza tulilofanya katika nchi ya baba zetu ni kugawana vyeo. Mimi nilipata sauti ya pili kwenye kwaya na ujumbe katika kamati hiyo ya maua. Maua yenyewe tuliyachuma kwenye bustani za nyumba zilizokuwa tupu.

Mwaka ule maneno yaliyotumika kuliko yote Kigali yalikuwa "haina mwenyewe". Ukiona nyumba, uliuliza kwa adabu kama ina mwenyewe, na jirani, ambaye naye alikuwa amefika juzi, alikujibu haina. Kitanda hakina mwenyewe. Paka hana mwenyewe. Shangazi yangu, aliyenilea, alipata kwa njia hiyo nyumba nzuri ya vyumba vitatu yenye kochi la kijani na picha kubwa ya harusi ukutani. Kochi alilikalia siku ileile. Picha aliigeuza ikatazama ukuta, akasema vumbi litaiharibu.

Kanisa nalo tulilipata vivyo hivyo. Lilikuwa gereji, kwenye barabara ya magereji na maghala, mlango wake wa chuma ukining'inia kwenye bawaba moja. Mwinjilisti alimwuliza ofisa fulani wa mtaa, mrejeaji kama sisi, naye akapunga mkono akasema, "Chukueni, haina mwenyewe." Tukatia kufuli jipya. Mbao tulizipanga juu ya matairi na injini zilizokufa zikawa mabenchi. Rimu ya lori ilikuwa tayari imening'inizwa uani, tukaifanya kengele. Shimo la kuingilia chini ya magari tulilifunika kwa mbao na juu yake wakasimama watu wa besi, ambao kila walipoishusha sauti, mbao zilitetemeka. Madhabahu ilikuwa meza ya fundi. Ilikuwa na jiriwa kubwa la chuma, la kubania vyuma, lililofungwa kwa bolti zilizoshika kutu, na vijana walihangaika nalo wiki nzima bila kulitoa, kwa hiyo tulilifunika kwa kitambaa cha madhabahu. Muda wote wa ibada palikuwa na kinundu upande wa kushoto wa msalaba, na wageni walidhani ni chombo kitakatifu.

Nimetaja wageni, na hapo ndipo penyewe. Kanisani kwetu Karagwe, baada ya matangazo, katibu husema, "Wageni wasimame." Mgeni husimama, hujitambulisha, husema ametoka usharika gani, hutoa salamu za huko alikotoka, kwaya humwimbia, kisha hukaa akiwa amefurahi. Ni desturi nzuri sana mahali ambapo kuna wenyeji. Sisi tuliihamishia Gikondo pamoja na magodoro. Jumapili ya kwanza katibu alipotangaza wageni wasimame, hakusimama hata mmoja, kwa sababu tayari kila mtu alijihesabu mwenyeji, na mwenyeji mkongwe kuliko wote alikuwa na wiki sita mjini. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Kwaya ilikuwa na wimbo wa kukaribisha wageni, umefanyiwa mazoezi Jumanne zote, na hapakuwa na wa kuimbiwa. Katibu alianza kuonekana kama mtu aliyepika pilau kisha mvua ikazuia harusi.

Ndipo akaja yule mama.

Alikuwa wa makamo, mwembamba, amevaa kitenge kilichopauka na sweta la kiume. Aliingia kimya, akapita mabenchi yote, akaenda kuketi mwisho kabisa, karibu na mlango wa stoo. Stoo hiyo ilikuwa chumba kidogo cha nyuma tulimoweka ngoma na sare za kwaya. Katibu alipomwona, uso wake ulichanua.

"Wageni wasimame!"

Mama hakuelewa kwamba anasemwa yeye, mpaka waliokuwa karibu walipomwinua kwa viwiko.

"Karibu sana mama. Tuambie unatoka wapi."

"Mimi natoka hapa," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigali, cha mitaa ya magereji.

"Hapa Gikondo?"

"Hapa ndani."

Watu walicheka kidogo, kwa upole, kama mnavyomcheka mtu asiyejua lugha. Katibu akaendelea, "Na salamu za huko ulikotoka?"

Mama aliangalia ukuta. "Salamu iko hapana," alisema. "Watu iko hapana."

Kwaya ikapasuka kwa wimbo. Mimi nami niliimba, sauti ya pili, beti zote. Tulimpigia makofi na watu wakajipanga kumpa mkono, naye akashikwa mikono na kila mtu huku akitazama mlango wa stoo.

Baada ya ibada alimfuata mwinjilisti uani, nami nilikuwa palepale nikikusanya maua. Alimweleza mambo kwa utulivu. Gereji ile aliijenga mumewe. Walikuwa wakilala katika kile chumba cha nyuma mpaka walipopata watoto na kupanga nyumba jirani. Mwezi wa nne mumewe na watoto waliuawa, na nyumba ikachomwa. Kilichowapata sitakiandika hapa, kwa kuwa maandishi haya ni ya kejeli na kile hakina pa kuchekewa. Yeye alikuwa amehifadhiwa na mtu aliyemfahamu huko Kagugu, pembeni mwa mji, akilala jikoni, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumwambia atafute pengine kabla mwaka haujaisha. Alikuwa amempata mmoja wa mafundi wa mumewe, mzima, aliye tayari kufanya kazi. Alichotaka ni gereji yake, ili alale kile chumba cha nyuma na lile shimo lipokee magari tena.

Mwinjilisti alikuwa mtu mwema. Niseme hivyo mapema, kwa sababu wema wake ndio uliotuchelewesha. Alimshika mama mikono yote miwili, machozi yakamlengalenga, akasema, "Mama, jambo lako tumelipokea. Litapelekwa kwenye kikao."

Na likapelekwa. Ijumaa wazee waliketi, wakaomba, wakanywa chai, wakakubaliana kwamba jambo ni zito na kwamba mambo mazito hayataki haraka. Wakaamua liulizwe kwa yule ofisa wa mtaa. Ofisa alikuwa safarini. Ijumaa iliyofuata waliamua asubiriwe arudi. Aliporudi alisema jambo la kanisa limalizwe na kanisa. Mama alipigwa danadana hivyo kuanzia Sikukuu ya Mavuno, tulipofanya mnada wa kuku wawili na mkungu mmoja wa ndizi kwa kelele za soko zima, mpaka tukaingia Majilio. Kila Jumapili katibu alitangaza, kati ya kipaimara na usafi, "Jambo la mama mgeni wetu linashughulikiwa." Na kila Jumapili alimsimamisha.

Ndiyo, kila Jumapili. Taratibu zetu zilisema mtu ni mgeni mpaka alete barua ya uhamisho kutoka kanisa lake la zamani. Mama alikuwa Mkatoliki tangu utotoni na hakuwa ameomba kuhama popote, lakini alikuwa anakuja, na katibu alipenda kila anayekuja awe na mahali pake kwenye taratibu. Akamwambia, mbele yetu sote, alete barua kutoka kwa padri wake.

"Padri iko hapana," alisema mama.

"Basi msaidizi wake. Au mwenyekiti wa jumuiya yenu."

Nilitamani ardhi inimeze, mimi na kitabu changu cha nyimbo. Mtu yeyote aliyekuwa Kigali wakati ule, hata mbuzi wetu tuliovuka nao, alijua kwa nini mwanamke wa Gikondo hawezi kuleta barua ya mwenyekiti wa jumuiya. Katibu peke yake ndiye aliyekuwa hajui, kwa kuwa jambo hilo halikuandikwa kwenye mwongozo. Mama akaketi. Kwaya ikaimba.

Alikuja kwa sababu Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mlango ule ulifunguliwa kwake. Aliketi palepale, kando ya mlango wa stoo, na baada ya muda niligundua anachotazama. Ukutani, kwenye usawa wa kifua cha mtu, palikuwa na alama za mikono, nyeusi, za mafuta ya injini. Mumewe, kila alipotoka shimoni, alijishikiza pale kabla ya kuingia ndani kunawa. Vijana wetu wa usafi walizipaka chokaa Jumamosi. Kufikia Jumapili nyingine mafuta yalikuwa yamepenya tena. Wakapaka tena. Katibu akatangaza kwa masikitiko kwamba kuna uchafu sugu karibu na stoo, na kwamba kamati ya jengo itaongeza chokaa.

Nyumbani nilimwambia shangazi kwamba tunafanya jambo la aibu. Shangazi alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake na neno lake lilikuwa na uzito kuliko la wazee wote wakiwekwa pamoja. Sare za kwaya zilikaa kwenye kile chumba kwa amri yake, zisiloe. Nilimwambia sare zina paa na mwenye paa analala jikoni kwa watu.

"Usinifundishe kulala jikoni kwa watu," alisema. "Mimi nimefukuzwa nchi hii nikiwa binti. Nimekaa Karagwe miaka thelathini, nimezaa huko, nimezika huko, na hata siku naondoka waliniita mgeni. Mgeni, mgeni. Sasa niko kwetu. Sitaki mtu aniulize natoka wapi."

"Hakuulizi yeye. Sisi ndio tunaomwuliza."

"Nyamaza ule."

Tulikula tukiwa tumeketi kwenye kochi la kijani, na picha ya harusi ikatuonyesha mgongo wake wa mbao.

Kisha zikaja habari kubwa. Noeli, viongozi wa kanisa kutoka ng'ambo ya mpaka wangetutembelea, pamoja na kwaya yao, kuja kuuzindua rasmi usharika. Katibu alitangaza habari hiyo mara mbili katika ibada moja. Kamati zilizaa kamati. Palikuwa na kamati ya mapokezi, ya chakula, ya malazi, ya sauti, ingawa sauti yenyewe ilikuwa spika moja iliyotegemea betri ya gari. Kitambaa cha zambarau kilinunuliwa kufunika jiriwa kwa heshima zaidi. Na jambo la mama? Wazee walisema bila shaka haiwezekani kurudisha jengo kabla ya kulizindua.

Hapo ndipo mtu mmoja katika kikao akapata wazo, na mpaka leo wanasukumiana nani alikuwa wa kwanza. Mama angesimama siku ya Noeli mbele ya viongozi. Angekuwa ushuhuda. Mwenyeji wa mji aliyepokelewa na usharika, tunda la kwanza la kazi yetu. Walimwandalia hata maneno: "Nilikuwa mgeni, nanyi mmenipokea." Mwinjilisti alimwomba kwa upole, akamwahidi kwamba Noeli ikipita jambo lake litakuwa la kwanza kwenye ajenda. Mama alifikiri, akauliza kama atapewa nafasi ya kusema mbele. Wakamwambia ndiyo, mbele kabisa. Akakubali.

Jumapili ya mwisho ya Majilio ikawa ya majaribio. Tulijaribu kuingia kwa maandamano, tukajaribu kuketi, tukajaribu hata kupiga makofi, kwa sababu katibu aliona yanachelewa. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Kisha akasema, kwa sauti aliyoiandalia viongozi, "Wageni wasimame!" na akamwonyesha mama njia ya kwenda mbele.

Mama alitembea katikati yetu na lile sweta lake la kiume. Alipofika kwenye madhabahu, alifunua pembe ya kitambaa cha zambarau, taratibu, akaweka mkono wake juu ya jiriwa, akautuliza pale. Mwinjilisti alinyanyuka nusu, akaketi.

"Mimi si mgeni," alisema. "Hii galage bwana yangu alijenga. Hii meza, yeye alifanyia kazi. Pale ukutani ni mikono yake, nyinyi napaka chokaa, inarudi. Kila siku ya Mungu nyinyi naniambia simama, mimi nasimama. Naniuliza natoka wapi, mimi najibu. Leo mimi pia nauliza."

Alitutazama, benchi kwa benchi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, tungejua pa kushika.

"Wageni wasimame."

Watu waliinamia vitabu vya nyimbo kana kwamba jibu limo humo. Nilijua naye anajua kwamba tukitoka hapo bila kusimama, jambo litarudi kwenye kikao, na mwaka utaisha, na huko Kagugu mlango utafungwa. Nilitaka kusimama, lakini mbele yangu aliketi shangazi, na sikuwahi kusimama kabla yake mahali popote.

Shangazi alikuwa na magoti mabovu. Alishika benchi la mbele, akajivuta, akasimama.

"Naitwa nani, mnanijua," alisema. "Natoka Karagwe. Nimefika hapa mwezi wa nane. Nimeleta salamu..." Hapo akakwama. Alijaribu tena neno salamu, likamshinda, akabaki amesimama huku analia waziwazi, mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake, mbele ya kamati zote.

Nikasimama. Wakasimama wa besi, mbao zikalia. Kanisa zima likasimama, mabenchi yakabaki matupu juu ya matairi, na kila mmoja akataja alikotoka. Karagwe, Karagwe, Ngara, Karagwe, Biharamulo. Ilichukua muda, nayo ilikuwa Jumapili pekee ambayo hakuna aliyenung'unikia urefu wa ibada. Zamu ya katibu ilipofika, alisema yeye alikuwa amesimama tangu mwanzo, kwa kazi.

"Sema unatoka wapi," mama alimwambia.

Katibu akalisema jina la kijiji chake. Ile sauti ya redio haikutoka. Ilitoka sauti ndogo ya mzee mmoja aliye mbali na kwao.

Mama aliitikia kwa kichwa. "Kalibuni," akasema. "Noeli fanyeni hapa. Halafu mimi nafungua galage. Chumba cha nyuma mimi nachukua leo."

Mwinjilisti alisimama, akakunjua mikono, na mazoea yakamtangulia. "Mama, jambo lako tumelipo..."

"Mpe mwenyewe ufunguo wake," alisema shangazi, bila hata kugeuka.

Mwinjilisti akautoa mfukoni, chini ya kanzu. Mchana ule tulibeba sare za kwaya vichwani tukazipeleka nyumbani kwetu, na nusu zikaloa.

Noeli ilifanyika. Viongozi walisifu jengo, na katibu akawaeleza, kwa maneno machache kuliko nilivyowahi kumsikia, kwamba tuko hapo kwa hisani ya mwenye gereji. Baada ya mwaka mpya tulisali chini ya turubai kwenye kiwanja cha jirani, na mahubiri yalisindikizwa na nyundo, kwa kuwa fundi wa mama alifanya kazi hata Jumapili. Kamati ya sauti ililalamika. Hakuna aliyeyapeleka malalamiko hayo mbele.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya siku ile ya majaribio. Nilipakua maharagwe na ndizi, nikaweka mezani, nikamwita shangazi. Nilimkuta sebuleni. Alikuwa ameigeuza ile picha. Bwana harusi alikuwa kijana mwenye masikio makubwa, bibi harusi alikuwa anajizuia kucheka, na wote wawili walikuwa wanatutazama, sisi na kochi lao. Shangazi alisimama mbele yao, mikono ameifunga mbele, kama alivyosimama asubuhi.

"Shangazi," nilisema, "magoti yako. Keti ule."

"Hatujakaribishwa," alisema.

Basi tukala tumesimama, na maharagwe yalikuwa yamekwisha kupoa.